Kiguu na Njia wa Mfereji wa Marlby

Kaka yangu Norris Garfitt hajawahi kukaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Nasema hivyo mimi Enid, dada yake wa damu, niliyelala naye chumba kimoja utotoni nikapigwa mateke mpaka kunakucha. Hata siku ya kumzika baba, alitoka kanisani na kuingia, akatoka na kuingia, mpaka mchungaji akapoteza mstari aliokuwa akiusoma. Mama alikuwa akisema mtoto huyu miguu yake imepakwa upupu. Watu wa Marlby walimwita kiguu na njia, na hawakumsingizia.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mapenzi ya mpira. Jamani! Ujanani alikuwa akisimama jukwaani na baba, na kila Marlby walipolikaribia goli, Norris alirusha mguu kana kwamba ni yeye anayepiga. Mbele yake kulikuwa na watu wazima, wenye magoti yao na heshima zao. Fundi saa wetu alirudi nyumbani na ugoko uliovimba, mkewe akaja kutupigia kelele mlangoni. Ndipo klabu ikamtafutia Norris kazi ya nje.

Uwanja wetu, nyuma ya goli la mashariki, una ukuta wa mbao. Nyuma ya ukuta kuna tuta la nyasi, na chini ya tuta mfereji mkubwa unaokausha mashamba yetu ya viazi na kabichi. Mabeki wetu, Mungu awasamehe, ni watu wa kubutua tu, na mipira yao huishia majini. Norris akapewa wavu wenye mpini mrefu, ndoo na buti za mpira, akawa mlinzi wa mfereji. Alikimbia juu ya tuta, huku na huko, akisikiliza. Mpira ukiruka ukuta anauopoa na kuurusha ndani.

“Na mechi unaionaje?” watu walimuuliza.

“Siioni. Naisikia.”

“Hata kuchungulia?”

“Kuchungulia wapi? Ukuta umepanda mno. Pale hapaonekani kitu, nimeshatafuta.”

Alitafuta lini, sijui. Nilichojua mimi ni kwamba hakusimama mahali pamoja hata muda wa kupiga chafya. Lakini alikuwa na raha zake, na fundi saa alikuwa na ugoko wake salama, basi tukaacha. Ujana ukapita, nywele zikapungua, na Norris bado yuko juu ya tuta na wavu wake.

Msimu ninaousimulia ulianza Agosti, kama Kombe la FA linavyoanza kwa sisi wadogo. Vigogo huingia Januari, wameshiba. Sisi tunaanza jua likiwa bado kali, tunamenyana na timu za viwanda na migodi katika mechi za mchujo ambazo hata gazeti la wilaya huziweka chini ya matangazo ya nguruwe. Marlby haikuwahi kuvuka mchujo. Kufika raundi ya kwanza yenyewe, ile wanayoingia watu wa ligi, wanaolipwa kwa kucheza, ilikuwa ndoto ya babu zetu, nao wakafa nayo.

Mechi ya kwanza tulikuwa mbele mabao mawili. Norris akasikia njaa, akaingia uwanjani kupitia kigeti cha nyuma, akaja kwenye dirisha langu, maana mimi ndiye ninayeuza chai na pai pale uwanjani. Nikampa pai la nyama. Kabla hajalimaliza, wageni wakafunga mawili, wakasawazisha. Mwenyekiti wetu Reg Stubley, muuza nyama, mtu mwenye kitambi na sauti ya kuitia ng’ombe, akageuka akamwona.

“Norris! Unafanya nini humu? Toka! Toka na pai lako!”

Norris akatoka, mdomo umejaa. Tukafunga la tatu, tukashinda.

Watu walicheka tu. Lakini raundi iliyofuata mvua ilinyesha, Norris akaingia kujikinga chini ya paa, na hapo hapo refa akawapa wageni penalti. Sasa hakuna aliyecheka. Jukwaa zima lilimgeukia. Alipotoka, kipa wetu akaidaka ile penalti. Basi, imekwisha. Ukiwaambia watu wa Marlby kwamba mbwa wa mchungaji anaongea, watakubishia. Waambie kwamba mtu fulani ana mkosi wa mpira, watakuletea ushahidi.

Reg akatia kufuli kwenye kigeti. Norris akaamriwa kubaki mferejini tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na chai yake nikawa naipitisha juu ya ukuta kwa kamba, ndani ya ndoo. Tulipocheza ugenini ndiyo ilikuwa kituko: alipandishwa basi pamoja nasi, akashushwa nje ya geti la wenyeji, akazunguka mitaa ya watu peke yake mechi nzima huku mbwa wakimbwekea. Na tukashinda! Tukashinda na tena tukashinda. Watu walimpigia makofi akipita dukani. “Huyo bahati yetu! Norris, usije ukaingia, ee?” Naye anacheka, anatikisa kofia, anaondoka mbio kama kawaida yake.

Mimi pia nilicheka, mpaka mechi moja ya mwezi wa kumi, ya kurudiana baada ya sare.

Siku hiyo kamba ya ndoo ilikatika, nikazunguka kwa nje nikampelekea chai kwa mkono. Nilipofika mpira ulikuwa umeshaanguka majini. Ulikuwa mbele yake kabisa, mweupe, unaelea. Norris alikuwa anachokoachokoa matete upande mwingine.

“Ule pale, Norris!”

“Wapi?”

“Mbele yako, mtu wangu! Una nini?”

Akageuza kichwa upande, namna kuku anavyoangalia punje, ndipo akauona. Akauopoa, akaurusha ndani. Halafu akafanya jambo lililonitia baridi: akasimama.

“Enid,” akasema, “macho yananiacha. Katikati pameingia kiza. Nikikutazama usoni, huna uso. Nikitazama bega lako, nauona uso kidogo pembeni. Daktari wa macho kule Lincoln anasema kufikia Pasaka hata hiyo pembeni itakuwa imekwenda.”

Chai ilinimwagikia mkononi.

“Usimwambie mtu. Wakijua leo, kesho wananinyang’anya wavu, eti nitazama. Halafu wataanza kunishika mkono kunivusha barabara. Sitaki kushikwa mkono, Enid. Niapie.”

Akaniapisha kwa kaburi la mama. Nikaapa, nikijua nafanya ujinga.

Marlby wakashinda siku hiyo, na mwisho wa mchujo wakashinda tena, kwa bao la Dale Cutforth, winga wetu, kijana anayegawa maziwa asubuhi. Tumeingia raundi ya kwanza! Jumatatu tulijazana kwenye duka la Reg kusikiliza droo redioni, wengine na nyama zao mikononi. Mipira midogo yenye namba za timu ikagongana mfukoni, jina letu likatajwa kwanza, maana yake tuko nyumbani, kisha likatajwa jina la timu ya ligi kutoka mjini. Silitaji hapa; linanikereketa mpaka leo. Watu walikumbatiana juu ya soseji.

Norris alinivuta nje.

“Hii nataka kuiona,” akasema. “Nikae jukwaani kwenye benchi, niione Marlby yangu ikicheza na watu wa ligi. Moja tu. Halafu kiza kije kikitaka.”

“Na Reg?”

“Nimeshamuuliza.”

“Kasemaje?”

“Kasema baada ya Kombe nikae hata mapajani mwake.”

Baada ya Kombe! Nilirudi dukani nimefura. Reg alikuwa anawapimia watu nyama huku anaimba.

“Reg Stubley, kaka yangu ataingia Jumamosi.”

“Haingii.”

“Ni uwanja wa baba yako?”

“Enid, dada yangu, nakuheshimu, na mapai yako nayala. Lakini tangu Agosti akiingia tunafungwa, akitoka tunafunga. Wewe mwenyewe umeona kwa macho yako.”

“Mtu mzima unaogopa pai?”

“Siogopi pai, namwogopa Norris. Muulize mtu yeyote hapa. Haya, nani anataka Norris aingie?”

Watu wakatazama viatu vyao. Hata mchungaji, aliyekuja kununua figo! Ulimi uliniwasha. Neno moja tu lingetosha, macho, lakini nilikuwa nimeapa. Siku zile nilikuwa silali. Nilikanda unga, nikauacha, nikaosha madirisha yaliyokuwa safi. Nikajiona nimegeuka Norris.

Jumamosi asubuhi ukungu ulifunika mashamba, kisha ukapanda kidogo, na watu wakaanza kumiminika, wengi kuliko wakazi wa Marlby wenyewe. Norris alipita kwenye dirisha langu na wavu begani, anaelekea nje. Hakulalamika. Nasema kweli, angelalamika pengine ningevumilia. Alisema tu, “Pai moja la baadaye niwekee,” akataka kugonga meza kwa kiganja, na kiganja kikakosa meza.

Nilivua aproni. Nikamkuta Reg kwenye geti kubwa, amevaa koti lake la msibani, jasho linamtoka kwa wasiwasi.

“Reg, bahati iko kwa Norris au iko kwa Garfitt?”

“Unamaanisha nini?”

“Baba alisimama jukwaani miaka yote, na miaka yote hatukushinda kitu. Ni ukoo. Garfitt mmoja lazima awe mferejini. Na mimi si Garfitt, ni paka? Nitakwenda mimi.”

Niliyatunga yale maneno pale pale, na sikuyaamini hata mwenyewe. Lakini mwenye imani ya mkosi ukimletea imani nyingine juu yake, anaipokea kama mgeni aliyemtarajia. Reg akafikiri, akamwita mchungaji pembeni, wakanong’ona. Hukumu ikatoka.

“Utavaa kofia yake,” akasema Reg. “Na buti zake. Na hutoki kule mpaka filimbi ya mwisho, Enid. Ukitoka, damu ya Marlby nzima iko juu yako.”

“Na yeye atakaa wapi?”

“Karibu nami, nimwone. Akileta nuksi namtoa kwa mikono yangu.”

Basi nikavaa buti za Norris, zinaogelea miguuni, na kofia inayonuka matope, nikachukua wavu. Norris hakusema asante. Alinishika bega, akatazama sikio langu ili auone uso wangu, kisha akaingia jukwaani karibu akimbie.

Nikapanda tuta. Jamani, ni mahali pa upweke! Unasikia watu elfu wanapumua na huoni hata mmoja. Kila kelele inakupasua moyo: ni sisi au ni wao? Nilielewa kwa nini Norris alikuwa akikimbia. Kipindi cha kwanza mipira miwili iliingia majini. Wa kwanza niliuopoa, wa pili nusura uniopoe mimi. Kisha ikaja kelele ya kigeni, kutoka kona ya wageni, nikajua tumefungwa bao. Nikasubiri kusikia Reg akinguruma, “Norris, toka!” Haikuja. Baadaye niliambiwa kwamba Reg alinyanyuka kweli, lakini akamwona Norris amekaa kitako, mikono magotini, ametulia tuli, akashangaa mpaka akasahau alichonyanyukia.

Kipindi cha pili miguu ilinichoka. Mimi si Norris, siwezi kukimbia kwenye tuta saa nzima na magoti haya. Pembeni pale, kuna mlango wa maji wa mfereji, na ngazi zake za zege na gurudumu la chuma la kufungulia. Norris huegemeza wavu wake pale na kuning’iniza ndoo. Nikapanda nikae ngazi ya juu kabisa, maana ya chini ilikuwa na maji. Nikainua kichwa.

Niliona goli, nyavu zake na kisogo cha kipa wao, na nyuma yake nusu ya uwanja, kijani kabisa, na wachezaji wetu na jezi zao zilizofubaa. Ukuta pale ulikuwa chini ya kidevu changu. Ilitosha kupanda zile ngazi na kusimama.

Sikuwa na wakati wa kufikiri, kwa sababu Dale Cutforth alikuwa anakuja. Alitoka na mpira pembeni kushoto, akamlamba chenga beki wa kwanza, wa pili akateleza akaanguka na makalio. Dale akakata ndani. Nilimwona ulimi umemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Akapiga kwa mguu wa kulia, mguu ambao siku zote huutumia kusimamia tu. Mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadunda ndani, nyavu zikatikisika mbele ya pua yangu. Nikapiga yowe peke yangu juu ya maji. Kofia ya Norris ikaruka ikaangukia mferejini, nikaiopoa kwa wavu nikicheka na kulia.

Bao moja kwa bao moja! Na watu wa ligi!

Halafu furaha ikanipungua, nikayatazama yale matete, na lile tuta lililokatwa njia na buti za mtu mmoja, huku na huko, huku na huko, miaka yote ile. Ile njia inapita hapo hapo chini ya ngazi.

Dakika za lala salama wageni walifunga la pili, upande ule wa mbali, nikalisikia tu. Filimbi ikalia. Tumetolewa.

Nilipoingia uwanjani watu walikuwa wanatoka taratibu, wengine wanapiga makofi, wengine wanajifuta machozi. Norris alikuwa bado benchini. Hakuna aliyepata kumwona ametulia namna ile.

“Umeiona?” nikamuuliza.

“Nimeiona, Enid. Nilipata ujanja. Nikitazama bendera ya kona, mchezaji anatokea pembeni. Nimeona jezi. Nimeona yule beki wao mrefu akimtukana refa. Nimeona kila kitu.” Akageuka upande wangu. “Kasoro bao letu.”

“Kasoro nini?”

“Dale alipochomoka, watu wote walisimama. Na mpira ulipoingia, Reg alinikumbatia. Akanikandamiza uso kwenye koti lake, akawa anarukaruka na mimi ndani. Nimenusa nyama tu.” Akajaribu kucheka. “Watu wakiniuliza nasema nimeliona. Siwezi kuwaambia. Wewe utasikia wakisimulia, utaniambia lilivyokuwa.”

Mdomo ukanitangulia.

“Alikata ndani, Norris! Yule wa pili akaanguka na makalio! Akapiga kwa kulia, kulia, unasikia? Ukagonga mtambaa panya kwa chini, hivi, tii, ukaingia!”

Uso wake uling’aa wote. Alikuwa analiona. Kisha, polepole, ukaanza kubadilika, akageuzia sikio upande wa mashariki, kwenye ukuta.

“Na wewe umelionea wapi?” akauliza. “Ulikuwa mferejini.”

Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Nikiuacha mdomo huu useme ukweli, kaka yangu anaingia gizani na ngazi zile kichwani, na miaka yote ile ya kukimbia.

“Sikuwepo mferejini,” nikasema. “Nilitoka. Nilisikia kelele, nikashindwa, nikaja kuchungulia kwenye geti kubwa.”

“Enid!” Alisimama wima, na miguu ikaanza kucheza. “Umeacha mfereji? Tuko sare, moja kwa moja, na mfereji hauna mtu?”

“Nani kaacha mfereji?” Huyo ni Reg, anakuja kufunga jukwaa. Na sauti yake, nilikwambia, ni ya kuitia ng’ombe. Walio getini waligeuka wote.

Basi tangu siku hiyo mwenye mkosi Marlby ni mimi. Ni miaka mingi sasa, na bado nikiingia baa utasikia, “Jamani, fungeni mfereji, Enid kafika!” Reg, hadi anakufa, hakununua tena pai kwangu. Norris yeye haoni tena kitu, katikati wala pembeni. Kila Jumamosi wanampa kiti na bia, anasimulia lile bao la Dale, na kila mwaka beki mmoja zaidi anaanguka na makalio. Akimaliza ananielekezea kidole, mahali anaposikia kicheko changu.

“Na tungeshinda,” anasema, “kama si huyu.”

Upupu wa miguu haujamwisha. Jioni za Jumapili lazima atembezwe, na siku hizi anakubali kushikwa mkono, ilimradi ni wangu. Anapenda tupite juu ya tuta. Juzi tulipofika kwenye mlango wa maji alisimama, akapapasa lile gurudumu la chuma, kisha mguu wake ukagusa ngazi ya kwanza, ukapanda.

“Hizi ngazi,” akasema, “sijawahi kuzipanda, unajua? Juu kuna nini?”

“Hakuna kitu,” nikamwambia. “Shuka, Norris. Zinateleza.”